Kilichoachwa Nje ya Picha: Sinema Bubu za Visiwa vya Bahari ya Kusini

Katika mijadala ya sinema inayofanywa na vijana wetu vyuoni na katika semina kumejengeka tabia moja inayostahili kukosolewa. Filamu ya kikoloni ikionyeshwa, msemaji wa kwanza husimama akatamka kwamba filamu hiyo ni ya kibeberu, kwamba ni ya uongo, na kwamba watu waliomo wamedhalilishwa. Wajumbe hupiga makofi na mjadala hufungwa. Tamko hilo mara nyingi ni sahihi. Taabu yake ni kwamba lingeweza kutolewa hata kama filamu isingeonyeshwa. Halimwambii mwanafunzi uongo huo ulitengenezwa kwa malighafi gani, nani aliugharamia, nani aliutolea jasho, wala kwa nini uliwavutia wafanyakazi wa Ulaya na Marekani ambao wenyewe walikuwa wananyonywa viwandani.

Makala hii inachambua aina moja tu ya sinema hizo: picha za safari za visiwa vya nchi za joto, zilizotengenezwa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hadi mwaka 1926, kabla sinema haijapata sauti. Tumezichagua kwa sababu zinaonekana hazina madhara. Ndani yake hamna askari anayewachapa watu viboko wala bwana shamba anayefoka. Kuna bahari, minazi, ngalawa na watu wanaocheka. Mahali pa namna hiyo ndipo mchambuzi anapotakiwa kuwa macho zaidi.

SARAFU MAJINI

Kamera haina miguu. Ili ifike kisiwani hapana budi ipakiwe melini, na meli za wakati ule hazikwenda visiwani kwa ajili ya kamera. Zilikwenda kwa ajili ya sukari, mbata, fosfati na vibarua. Ukilifahamu jambo hili dogo umekwisha kupata ufunguo wa sinema zote tunazozizungumzia. Njia ya kamera ilikuwa ndiyo njia ya mali.

Tutazame Hawaii. Mwezi wa Mei 1898 wapiga picha wa kampuni ya Edison, wakiwa njiani kurudi Marekani kutoka Asia, walitua Honolulu wakapiga picha chache fupi. Mojawapo inaonyesha vijana wa Kihawaii wakipiga mbizi bandarini kuzifuata sarafu walizotupiwa na abiria wa meli. Jina la picha hiyo, kwa tafsiri, ni ‘Wakanaka Wapiga Mbizi Kutafuta Fedha’. Hakuna hadithi, hakuna mwanzo wala mwisho. Kuna maji, vichwa vinavyoibuka na kuzama, basi.

Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1893, wenye mashamba ya miwa na wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa wamempindua Malkia Liliʻuokalani, huku wanamaji wa manowari ya Marekani wakishuka pwani kuwapa nguvu. Miezi miwili tu baada ya kamera kupita, Julai 1898, bunge la Marekani likaamua kuinyakua Hawaii moja kwa moja. Picha ya wapiga mbizi haisemi lolote kuhusu mambo hayo. Lakini pamoja na dharau iliyo katika jina lake, tunathubutu kusema kwamba ni picha ya kweli kuliko nyingi zilizoifuata. Sarafu imo ndani. Mtazamaji makini anaona kwamba kuna watu waliosimama juu, wana fedha na wanacheka, na kuna watu walio chini majini ambao nchi ni yao. Mahusiano ya ukoloni yameingia katika picha bila ya mpiga picha kukusudia.

Historia ya sinema za visiwa baada ya hapo ni historia ya jinsi watengenezaji walivyojifunza kuificha sarafu hiyo.

Njia ya kwanza ya kuificha ilikuwa vitisho. Mabingwa wake walikuwa mume na mke kutoka Kansas, Martin na Osa Johnson. Martin alizijua bahari za kusini kwa mara ya kwanza akiwa mpishi katika mashua ya mwandishi Jack London, iliyoanza safari yake mwaka 1907. Mwaka 1917 yeye na Osa walifika Malekula, kimojawapo cha visiwa vya New Hebrides, ambavyo Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinavitawala kwa ubia tangu 1906 na ambavyo ni taifa huru la Vanuatu tangu 1980. Walipanda mlimani kumtafuta Nagapate, mkuu wa watu waitwao Big Nambas. Kwa maelezo ya Johnson mwenyewe, walishikwa, na wakaachiwa pale ilipoonekana mashua ya serikali ya Waingereza ikiingia katika ghuba. Filamu iliyotokana na safari hiyo ilitolewa mwaka 1918, na jina lake liliahidi visiwa vya wala watu. Ahadi hiyo haikutimizwa: mtazamaji hakuonyeshwa mtu yeyote akila mtu.

Alichoonyeshwa ni nyuso zenye mashaka. Nani asingekuwa na mashaka? Kati ya mwaka 1863 na 1904 watu wapatao 62,000 kutoka visiwa hivyo na visiwa jirani walipelekwa Queensland, Australia, kulima miwa. Wengine walikwenda kwa mkataba ambao hawakuuelewa, wengine kwa ulaghai, na wengine walikamatwa tu ufukweni. Mtu wa Malekula aliyeona mzungu akishuka kutoka melini alikuwa na sababu za kihistoria za kumtilia shaka. Sinema ikaiondoa historia, ikaibakiza shaka, kisha ikaiita shaka hiyo ushenzi. Mashua ya serikali nayo, ambayo kwa watu wa milimani ilikuwa dola lenyewe na bunduki zake, katika hadithi ya akina Johnson ikawa mwokozi aliyetokea kwa bahati njema.

Walirudi Malekula mwaka 1919, safari hii wakiwa na walinzi wenye silaha, wakaitandaza pazia ufukweni na kuwaonyesha Big Nambas picha zao wenyewe. Wakati watu wakitazama, taa kali ziliwashwa ili nyuso zao zipigwe picha. Yaani hata kule kutazama kwao kuligeuzwa bidhaa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari za akina Johnson haziko mbali. Baada ya visiwa na Borneo walikuja Kenya. Tangu 1924 hadi 1927 waliishi Marsabit, kando ya ziwa ambalo wao waliliita Ziwa la Paradiso, wakisaidiwa kwa fedha na George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, na kwa jina la Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York. Filamu yao Simba ilitoka mwaka 1928. Mbinu ni ile ile ya Malekula, ila sasa mnyama amechukua nafasi ya Nagapate, na Mwafrika amesogezwa pembeni kuwa mpagazi au kichekesho. Mwenye kuitazama Simba asidhani kwamba imetokana na pori la Kenya tu. Sehemu yake kubwa ilikwisha kufanyiwa majaribio visiwani.

Njia hiyo ya vitisho haihitaji kutuchukulia muda mrefu. Ni ya soko la bei rahisi, na uongo wake unajitangaza wenyewe. Iliyo ngumu ni njia ya pili, njia ya mapenzi.

NAZI BILA MBATA

Robert Flaherty hakuanza maisha yake katika sinema. Alikuwa mtafuta madini, akizunguka kaskazini ya Kanada kutafuta chuma kwa niaba ya tajiri wa reli. Filamu yake Nanook of the North, iliyotoka mwaka 1922, iligharamiwa na Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya kununua ngozi za wanyama wa baridi. Filamu hiyo ilipoleta faida, Jesse Lasky wa Paramount alimwagiza aende popote anapotaka duniani, mradi alete Nanook mwingine. Kwa ushauri wa mwandishi wa vitabu vya safari, Frederick O'Brien, Flaherty akachagua kijiji cha Safune katika kisiwa cha Savaiʻi, Samoa. Alikaa huko na mkewe Frances, ambaye alikuwa mshiriki kamili wa kazi hiyo, pamoja na watoto wao watatu, tangu 1923 hadi mwisho wa 1924. Filamu ikaitwa Moana. Ilionyeshwa New York mwezi wa Februari 1926.

Flaherty alikwenda na fikra iliyotengenezwa Kanada: mtu anapambana na maumbile, anashinda njaa na baridi. Safune hakukuwa na njaa wala baridi. Magimbi yalikuwapo, shelisheli zilikuwapo, samaki walikuwa tele upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Alihangaika miezi mingi akitafuta pambano. Hatimaye akaamua kwamba kama maumbile hayamtesi Msamoa, basi Msamoa hujitesa mwenyewe, na akajenga filamu yake juu ya desturi ya kijana kuchorwa nembo za mwilini kwa vitana vya mfupa vinavyogongwa kwa kijiti, kazi yenye maumivu makali. Kijana Taʻavale, aliyepewa jina la Moana, alichorwa kweli kweli mbele ya kamera.

Kabla ya kufika hapo filamu inakwenda polepole na kwa uzuri ambao itakuwa ni utoto kuukana. Tunaona mtego wa nguruwe mwitu. Tunaona uvuvi wa mkuki, kasa anavutwa ngalawani, kaa wa minazi anafukizwa moshi atoke mwambani. Mama, Tuʻungaita, anatengeneza nguo ya gome la mti, siapo kwa lugha yao, tangu kulimenya gome na kuligonga hadi kulichora. Mvulana Peʻa anapanda mnazi, na kamera inamfuata, inamfuata, mnazi hauishi, mpaka mtazamaji mwenyewe anataka kushika shina. Kisha nazi zinaanguka.

Hapa tusimame, kwa maana katika nazi hizo ndimo kilimo kiini cha suala letu. Katika filamu ya Moana nazi ni kinywaji na ni tui. Mtu wa pwani yetu akiitazama atafurahi kuona jinsi wenzake wa upande wa pili wa dunia wanavyoikuna na kuikamua. Lakini mtu huyo huyo wa pwani ataweza kuuliza swali ambalo mtazamaji wa New York hakuuliza: mbata iko wapi?

Maana Samoa ya mwaka 1923 ilikuwa nchi ya mbata. Tangu karne ya kumi na tisa kampuni ya Hamburg iliyojulikana kwa kifupi DHPG ilikuwa na mashamba makubwa ya minazi huko, yakilimwa na vibarua walioletwa kutoka visiwa vya Melanesia. Baadaye, tangu 1903, wakaletwa na vibarua wa Kichina. Ujerumani ilipojitwalia Samoa ya magharibi mwaka 1900, gavana wake Wilhelm Solf alitoa amri kwamba kila mkuu wa ukoo mwenye ardhi apande minazi 50 kila mwaka. (Miongoni mwa wasaidizi wa Solf alikuwapo Heinrich Schnee, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa mwisho wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mabwana hawa walihamishwa kutoka koloni hadi koloni kama makarani wa benki.) Msamoa alibaki na ardhi yake, lakini mbata yake aliipeleka kwa mfanyabiashara wa kizungu aliyepanga bei, na kwa bei hiyo akachukua dukani kitambaa, mafuta ya taa na nyama ya makopo.

Wasamoa hawakuyakubali hayo wakiwa wamelala. Mwaka 1904 na 1905 walijaribu kuunda kampuni yao wenyewe ya kuuza mbata, iliyoitwa ʻOloa, ili waepukane na bei za wafanyabiashara wa kigeni. Kwa lugha yetu tungeiita ushirika. Solf aliivunja. Mwaka 1908 likazuka vuguvugu la kudai madaraka lililoitwa Mau a Pule, na kiongozi wake, msemaji mashuhuri Lauaki Namulauʻulu Mamoe, alikuwa mtu wa Savaiʻi, kisiwa kile kile kilichochaguliwa na Flaherty kwa ajili ya utulivu wake wa kale. Wajerumani walileta manowari na mwaka 1909 wakamhamishia Lauaki na wenzake Saipan, mbali kabisa kaskazini. Alifariki mwaka 1915 akiwa njiani kurudishwa nyumbani.

Mwaka 1914 New Zealand iliinyang'anya Ujerumani koloni hilo. Baada ya vita Shirikisho la Mataifa likaikabidhi New Zealand nchi hiyo kama dhamana, kwa utaratibu wa aina moja na ule ulioiweka Tanganyika mikononi mwa Waingereza. Na kabla hata dhamana haijaandikwa, mlinzi alikwisha kuonyesha ulinzi wake. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune kutoka Auckland ilitia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa mafua ya mwaka ule, na haikuwekwa karantini. Wakafa Wasamoa wapatao 8,500, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Mtawala, Kanali Robert Logan, alikataa msaada wa matibabu kutoka Samoa ya Marekani, visiwa vya jirani kabisa ambako karantini iliwekwa na hakufa mtu hata mmoja kwa ugonjwa huo.

Familia ya Flaherty ilifika Safune miaka mitano baada ya mazishi hayo. Katika mwaka huo huo wa 1923 aliwasili mtawala mpya, Jenerali George Richardson. Sheria ya 1922 ilimpa uwezo wa kumfukuza Msamoa kutoka kijijini kwake na kumvua cheo cha ukoo. Alipiga marufuku kubadilishana mikeka ya heshima. Alipanga ardhi ya ukoo ikatwe vipande iwe ya mtu mmoja mmoja, ili kila mtu aone faida ya kuzalisha mbata zaidi. Kwa hiyo wakati kamera ikihifadhi ‘Samoa ya kale’ kwa ajili ya watazamaji wa Broadway, serikali ilikuwa inaivunja Samoa hiyo hiyo kwa sheria, maili chache kuvuka mlango wa bahari.

Hakuna hata dalili moja ya mambo haya katika Moana. Hakuna duka, hakuna bendera, hakuna kanisa, ingawa Wasamoa walikuwa Wakristo tangu wamisionari walipotua Savaiʻi mwaka 1830. Hakuna kaburi.

SUALA LA KUIGIZA

Wakosoaji wengi wa Moana, wa Magharibi na wetu pia, hujikita katika jambo moja: kwamba ilipangwa. Familia tunayoiona haikuwa familia. Mama, mtoto na mchumba walichaguliwa kutoka nyumba mbalimbali wakalipwa ujira. Wanawake walikuwa wamezoea kuvaa nguo za kitambaa cha dukani, wakaombwa wavae siapo na kuacha vifua wazi. Hata kuchorwa nembo, wanasema, kulikuwa kumekwisha kufa na Flaherty akakufufua kwa fedha.

Dai la mwisho halina msingi. Wamisionari waliipinga desturi hiyo kwa muda mrefu, lakini Samoa, tofauti na Tahiti, haikukubali kuiacha. Na hilo la kuigiza kwa jumla si la kulivalia njuga. Ngoma zetu zinapopelekwa jukwaani nazo hupangwa. Mkulima akiombwa arudie kurusha jembe ili kamera imwone vizuri, jembe halijawa la uongo. Mikono ya Tuʻungaita ilikuwa inaijua siapo, na maumivu ya Taʻavale hayakuweza kuigizwa. Ukisema kwamba kila kilichopangwa ni uongo, utakuwa umeyatupa maarifa ya watu wa Safune pamoja na uongo wa Paramount, na beberu atakushukuru kwa kumrahisishia kazi.

Suala la nguo linahitaji kutazamwa kwa undani zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mkono wa itikadi unapoonekana wazi. Kwa nini kitambaa kiliondolewa? Jibu la kawaida ni kwamba mzungu alitaka kuona vifua, na kampuni kweli iliitangaza filamu kama kisa cha mapenzi cha mrembo wa Bahari ya Kusini. Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Kitambaa kilitoka dukani. Duka lilikuwapo Safune, likiendeshwa na Mjerumani. Dukani kulikwenda mbata na kulitoka kitambaa. Mwanamke akionekana amevaa kitambaa, mtazamaji atauliza amekipata wapi. Na akiuliza hivyo, uzi mmoja tu akiuvuta utamfikisha kwenye mizani ya mbata, kwenye gati la Apia, kwenye kiwanda cha sabuni cha Ulaya. Siapo haina maswali hayo. Inatoka mtini. Kumvua mwanamke kitambaa kulikuwa ni kumvua uchumi wake, kumwonyesha kama mtu asiyeuza wala kununua na kwa hiyo asiyeweza kuibiwa.

Jasho nalo lilifichwa kwa namna nyingine. Filamu zilisafishwa ndani ya pango karibu na kijiji, kwa maji ya chemchemi, na kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Kisamoa waliofundishwa kazi ya maabara. Ilikuwa kazi ya hatari; Flaherty mwenyewe aliugua vibaya baada ya kunywa maji ya pango yaliyokuwa yameingiwa na dawa ya fedha inayotumika katika kusafishia. Jioni watu wa Safune walionyeshwa sinema alizokuja nazo. Basi tufikirie: watu wanaopewa ujira, vijana mafundi wa kusafisha filamu, kijiji chenye wapenzi wa sinema. Hao ndio wanaotokea kwenye pazia kama watu ambao karne ya ishirini haijawagusa.

Jambo moja la kiufundi lazima litajwe kwa haki. Filamu za kawaida za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, na watu wenye ngozi ya kahawia walitoka weusi kama vivuli visivyo na sura. Flaherty alitumia filamu ya aina mpya iliyosikia rangi zote, na kwa hiyo katika Moana ngozi ina mwanga, misuli ina umbo, uso una fikra. Baada ya Nagapate wa akina Johnson, aliyepigwa picha kama jini, huo ulikuwa mwendo mkubwa. Msamoa alionekana binadamu. Lakini alionekana binadamu asiye na siasa, na mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kumpenda na ni rahisi sana kumtawala.

Tarehe 8 Februari 1926 kijana Mskoti, John Grierson, aliandika katika gazeti moja la New York uhakiki wa Moana akaisifu kwa thamani yake kama hati ya mambo ya kweli. Kutokana na neno alilolitumia ndipo ulimwengu wa sinema ulipopata jina la aina nzima ya filamu, zile tunazoziita filamu za hali halisi. Miaka michache baadaye Grierson aliongoza kikosi cha filamu cha bodi ya serikali ya Uingereza iliyoundwa kuwashawishi Waingereza wanunue bidhaa za Dola yao. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma ya dhati kwa wafanyakazi, na filamu yake juu ya wavuvi wa Bahari ya Kaskazini ina heshima kwa jasho. Tunasema tu kwamba jina ‘hali halisi’ lilizaliwa mbele ya filamu iliyokuwa imeondoa nusu ya hali hiyo, na aliyelizaa hakuiona nusu iliyoondolewa. Mwanafunzi wa sinema alikumbuke jambo hilo kila anapolisikia jina hilo.

Mwaka mmoja baada ya Moana kuonyeshwa New York, Wasamoa walianzisha Mau mpya. Waligoma kulipa kodi, waligomea maduka, waliacha kuhudhuria vikao vya serikali, wakavaa shuka za buluu zenye mstari mweupe kama sare. Lengo lao lilikuwa Samoa ya Wasamoa. Mfanyabiashara Olaf Nelson, chotara wa Kisamoa aliyewaunga mkono, alifukuzwa nchini mwaka 1928. (Tusimfanye Nelson kuwa zaidi ya alivyokuwa: naye alikuwa tajiri wa mbata mwenye ugomvi wake na serikali juu ya nani atauza. Harakati za ukombozi mara nyingi hubeba abiria wa namna hiyo.) Tarehe 28 Desemba 1929 maandamano ya amani yalipokuwa yanapita Apia, polisi waliyafyatulia risasi. Mkuu Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu alipigwa alipokuwa akiwasihi watu wake watulie, akafa kesho yake. Samoa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, majuma matatu hivi baada ya Tanganyika. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi kwa risasi hizo na kwa meli Talune.

Mtu aliyekuwa ameiona Moana katika jumba la sinema mwaka 1926, akasoma gazetini habari za risasi za Apia mwaka 1929, angeunganishaje mambo hayo mawili? Asingeweza. Watu aliowaona hawakuwa na sababu yoyote ya kuandamana. Kutokuelewa huko kulikuwa na faida kwa mtawala, na kulizalishwa bila njama yoyote, kwa mapenzi na kwa kazi ya ustadi. Ndiyo maana tunasema tamko la dakika mbili katika semina halitoshi. Kada anayetaka kuwafundisha wenzake kutazama sinema awaulize kwanza watu waliomo wanakula nini, wanavaa nini, na vitu hivyo vimetoka wapi. Na pale jibu linapokosekana ndani ya picha, alitafute nje yake.

Filamu yenyewe haikuishia hapo. Monica, mdogo wa watoto wa Flaherty, ambaye Safune alikuwa mtoto mdogo, alirudi Savaiʻi mwaka 1975 akiwa na mtengeneza filamu Richard Leacock ili kurekodi sauti za kuwekwa katika mkanda ule wa zamani. Wasamoa walizungumza, waliimba, walitoa sauti za kazi. Toleo hilo likakamilika mwaka 1980, na mwaka 2014 likasafishwa upya. Ni kazi inayostahili kuonyeshwa katika vyuo vyetu kando ya ile bubu, kwa kuwa lugha ya Kisamoa inayosikika humo ni ya watu ambao wakati huo walikwisha kuwa raia wa nchi huru kwa miaka kadhaa, wakiwasemea wazazi na babu zao waliotazamwa bila kusikilizwa. Gongo la siapo linasikika. Mawimbi yanasikika. Peʻa anapanda tena mnazi wake mrefu na nazi zinaanguka chini kwa kishindo. Duka la Safune bado halimo. Mizani yake haikupigwa picha mwaka 1924, na mwaka 1975 haikubaki picha yoyote ya kuiwekea sauti.